Mshenga wa Gia

Gari likitoka gereji, dereva akaweka namba moja, na lenyewe likaondoka kinyumenyume, waliosimama karibu hucheka kwanza, kisha ndipo hutafuta wa kulaumiwa. Lawama huteremka kwa uzito. Huanza na giaboksi, kwa kuwa ndiyo nzito na ndiyo ghali. Hushuka kwenye klachi, kwa kuwa ndiyo iliyolipeleka gari gereji. Huvuka bahari hadi kwa Mjapani aliyelitumia gari miaka kumi akaliuza bila kusema neno. Na ikishindikana kote huko, humwangukia shemeji aliyeliazima Jumapili kupeleka watu msibani. Asiyetajwa ni mhusika mwenyewe: kebo mbili nyembamba, au fimbo ya chuma, zinazotoka chini ya mkono wa gia hadi kwenye giaboksi, pamoja na vibushi vya plastiki kwenye ncha zake, vidogo kuliko kizibo cha soda. Ninachodai hapa ni rahisi kukisema na kigumu kukiuza gereji: gia nyingi zinazogoma mara tu baada ya matengenezo hazina ugonjwa wowote ndani. Kilichoharibika ni ujumbe. Mkono wa gia na giaboksi ni pande mbili zisizoonana, kati yao yuko mshenga, na sisi mshenga tumemgeuza tarishi.

Tofauti ya mshenga na tarishi anaijua kila aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa posa. Tarishi hupewa bahasha akaifikisha. Yaliyomo ndani hayamhusu. Mshenga hufika kwanza upande mmoja akajua wamesimama wapi, akaenda upande wa pili akajua nao wamesimama wapi, na ndipo hufungua kinywa. Kebo za gia zina kazi hiyo hiyo, na kwa bahati nzuri maneno ya kubeba ni mawili tu. Tazama herufi H iliyochorwa juu ya kirungu cha gia. Mkono ukienda kushoto au kulia unachagua mstari. Ukienda mbele au nyuma unaingiza gia iliyo kwenye mstari huo. Kebo moja hubeba neno la kuchagua, nyingine neno la kuingiza, na huko kwenye giaboksi mojawapo huwa ni kuzungusha na nyingine ni kusukuma. Ukilikosea neno la kwanza, umebisha hodi nyumba ya jirani: dereva anaomba namba moja anafunguliwa na namba tatu, gari linatetemeka kama lina homa kisha linazima. Kwa magari ambayo rivasi imepangwa ubavuni mwa namba moja, kama Golf za zamani, ndiko inakotoka ile sinema ya kuondoka kinyumenyume. Ukilikosea neno la pili, umebisha nyumba ndiyo, mlango umefunguliwa, lakini umeishia kizingitini. Ndani kuna kijigololi chenye springi ambacho hutumbukia kwenye kishimo gia inapofika mahali pake. Ule mguso mdogo unaoupata kiganjani ndio karibu yake. Kebo ikiwa fupi kwa milimita chache, gololi haifiki kwenye kishimo, meno yanaumana kwa ncha tu, na gari likianza kupanda mlima gia inachomoka yenyewe kama mgeni aliyekuwa bado hajavua viatu.

Wanaoishuku giaboksi kwanza huisingizia kwa sababu hawajaifikiria ilivyolindwa. Ina kizuizi cha ndani kisichoruhusu gia mbili kuingia kwa wakati mmoja, hata dereva awe na hasira kiasi gani. Ina vile vikombe vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana, ufundi ambao Cadillac waliutia kwenye magari yao mwaka 1928. Inaogelea kwenye oili, imefunikwa kwa chuma, haioni vumbi wala mvua. Mshenga wake yuko nje, juani, chini ya betri inayovuja maji makali, amevaa plastiki. Ukiambiwa mmoja wa hawa wawili ameharibika, sijui kwa nini uanze na yule aliye ndani ya nyumba.

Tena mshenga hakuhitajika kila mahali. Mfaransa Émile Levassor alipopanga gari lake la 1891 injini mbele, giaboksi nyuma yake na magurudumu ya nyuma yakisukuma, alitoa mpango ambao magari mengi yaliufuata kwa zaidi ya nusu karne, na faida yake moja ni kwamba giaboksi ilikuja kukaa karibu na goti la dereva. Land Rover za zamani ziko hivyo, na Land Cruiser za shamba hadi leo ziko hivyo: mkono wa gia umesimama juu ya giaboksi yenyewe, umeingia ndani, unashika gia kama mtu anavyokoroga sufuria. Majirani wa ukuta mmoja hawahitaji mshenga. Kisha mwaka 1959 Alec Issigonis akaleta Mini, injini ameilaza kwa upana, giaboksi ameiweka chini yake zikichangia oili moja, na Mini za kwanza zilikuwa na mkono wa gia mrefu uliochomoza karibu na miguu ya dereva kama fimbo ya mchungaji, maana ilibidi ufike mbali. Mwaka 1964 Dante Giacosa wa Fiat akaihamisha giaboksi hadi ubavuni mwa injini kwenye gari dogo lililoitwa Autobianchi Primula, mpango huo ukanawiri kwenye Fiat 128 ya mwaka 1969, na mwaka 1983 Corolla nayo ikaanza kuvutwa na magurudumu ya mbele. Giaboksi ilikuwa imehama mtaa. Mkono wa gia ukabaki palepale katikati ya viti viwili, kama mzee asiyetaka kuhamia kwa watoto, na tangu hapo wanawasiliana kwa kebo au fimbo.

Miongoni mwa waliopewa mshenga wa safari ndefu ni wenye Volkswagen Beetle, gari ambalo injini na giaboksi viko nyuma. Humo fimbo ya gia hupita ndani ya mfereji wa bati uliokatiza katikati ya sakafu hadi chini ya kiti cha nyuma. Inua mto wa kiti hicho, sogeza zulia, utaona kifuniko kidogo cha bati kilichoshikwa na skrubu. Kifungue. Hapo fimbo inakutana na giaboksi kwa kiungio kidogo chenye mpira, kilichobanwa kwa skrubu ya kichwa cha mraba, na skrubu yenyewe imefungwa waya mwembamba ili isilegee. Mbele nako, chini ya mkono wa gia, kuna kibamba cha bati chenye ukingo ulioinuka upande mmoja. Ukikirudisha kimegeuka, hukosi gia zote, unakosa moja au mbili tu, jambo ambalo ni baya zaidi kwa kuwa linakupa matumaini. Na kwa fimbo hiyo hiyo inayopita uvunguni, Beetle ya Tommy Fjastad ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962. Peugeot 404, ambayo kwa kawaida mkono wake wa gia ulikaa kwenye usukani na vijifimbo vyake vikateremka hadi chini, ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Zile hazikuwa mbio za lami. Mshenga wa mbali, basi, si dhaifu kwa kuumbwa. Tatizo linaanza siku anapofunguliwa na kufungwa upya.

Na hapa ndipo ushahidi wangu mkubwa ulipo, nao ni wa saa tu. Chukua kazi ya kawaida kabisa, kubadilisha sahani ya klachi kwenye Corolla. Saa mbili asubuhi fundi amekunywa chai, mikono mikavu, anafungua boneti. Anatoa betri, anatoa boksi la hewa, na kitu cha tatu au cha nne anachokigusa ni kebo za gia, kwa sababu ziko juu na zinazuia njia. Anachomoa klipu, anavuta ncha ya kebo kwenye kichwa chake cha mviringo, inatoka kwa mlio mdogo kama wa kukonyoa hindi. Kazi ya dakika mbili. Klipu na washa vinaingia kwenye kifuniko cha tairi kilichogeuzwa sahani. Haweki alama yoyote, na kwa nini aweke? Asubuhi kila kitu kinaonekana hakisahauliki. Baada ya hapo ndipo kazi inaanza: oili inamwagwa, shafti zinachomolewa, injini inaning'inizwa kwa kamba kwenye tawi la mwarobaini, giaboksi inashushwa juu ya kifua cha kijana aliyelala kwenye kipande cha boksi. Inarudishwa, haiingii, inashushwa, sahani inawekwa katikati upya, inarudishwa. Kwa kuwa kilichotoka mwanzo ndicho kinachorudi mwisho, kebo za gia zinafikiwa adhana ya magharibi ikiwa imeshapita. Mwenye gari amesimama pembeni akichezesha funguo. Tochi ya simu iko mdomoni mwa mwanafunzi. Kifuniko cha tairi kimeshapigwa teke mara mbili, na kati ya yaliyokuwamo kumebaki washa moja, bolti ambayo hakuna anayeitambua, na njugu. Klipu ya mwisho inaponyoka vidoleni, inagonga injini, ting, inagonga fremu, ting, kisha kimya. Fundi yeyote anakifahamu kimya kile. Ni kimya cha kitu ambacho hakikufika chini.

Kwa hiyo mshenga huyu hufunguliwa na mtu anayejiamini kupita kiasi na kufungwa na mtu aliyechoka kupita kiasi, na wote wawili ni mtu yuleyule. Sehemu nyingine ya gari yenye bahati mbaya ya namna hii siijui. Injini hufungwa mchana. Breki hufungwa kwa hofu. Kebo za gia hufungwa kwa haraka ya kwenda nyumbani, na kwa kuwa zikifungwa vibaya gari halitoi moshi wala mlio, kosa hilo huonekana barabarani, mbele za watu, aghalabu kwenye mzunguko.

Kinachotakiwa saa hiyo ya magharibi hakizidi swali moja linaloulizwa pande mbili: je, uko fri? Upande wa giaboksi hujibu kwa mkono: kiweke kile kijimkono chake katikati, kisha sukuma gari uone kama linasogea kwa urahisi; kijimkono kikiachwa, springi ya ndani kwa kawaida hukirudisha katikati, kwenye mstari wa namba tatu na nne. Upande wa dereva ndio msumbufu. Mkono wa gia uliokatwa kebo hauna nidhamu. Hulalia popote uzito wake unapoupeleka, kama mlevi kwenye benchi, na fundi akiufunga hapo ulipolala, atakuwa ameyaandika makosa ya mlevi kwenye mkataba. Unatakiwa usimamishwe wima, kwenye mstari uleule wa tatu na nne, ushikiliwe hapo, na ndipo nati au kibano cha kebo kikazwe. Wenye Golf na Opel wamerahisishiwa: magari hayo yana kitundu cha kupitishia pini ya milimita nne au tano ili mkono wa gia usicheze wakati wa kufunga, na pini hiyo si dhahabu, jino la keekee linatosha. Kebo nyingi za Toyota hazina pa kurekebisha urefu, kwa hiyo wengi hudhani haziwezi kukosewa. Zinakosewa vizuri tu. Ganda la nje la kebo hushikwa kwenye breketi kwa bamba dogo linaloingia kama ukucha. Ukucha huo usipokaa, dereva akisukuma mkono wa gia linalokwenda ni ganda, kebo nzima inajipinda chini ya boneti kama nyoka anayeota jua, na giaboksi haisikii kitu. Ukoo wote umekuja na ngoma, na posa haijasemwa.

Najua utetezi utakaokuja kwanza, maana ndio wa asili: waya. Waya wa kufungia, ule unaotoka kwenye roli za ujenzi, ndio unaoshikilia usafiri wa nusu ya bara hili, na asiyeuheshimu hajawahi kuharibikiwa na gari usiku katikati ya pori. Bushi ikisagika kati ya Mbeya na Tunduma huwezi kusubiri meli kutoka Japani. Unafunga waya, unazungusha mara nne, unabana kwa plaizi, unafika. Waya umefikisha wagonjwa hospitali na maharusi ukumbini. Sina ugomvi na waya wa kufikia. Ugomvi wangu ni na waya wa kukaa. Bushi ile ya plastiki au mpira haikufanywa laini kwa ubahili. Injini hutikisika, mkono wa gia hautakiwi kutikisika nayo, na ule ulaini katikati ndio unaomeza mtikisiko. Waya haumezi. Unasaga kichwa cha chuma ambacho ncha ya kebo hukalia, kila siku kidogo, mpaka siku bushi mpya inaponunuliwa inakuta kichwa kimekuwa chembamba kama kokwa ya zaituni iliyolambwa, nayo haikai tena. Sasa si bushi, ni kijimkono kizima. Kama lazima ufunge kitu, ukanda wa mpira wa tyubu ni afadhali kuliko waya, maana una ulaini kidogo wa kuazima. Na kwa wale watakaonikumbusha kwamba hata Mjerumani wa Beetle alifunga waya: kweli alifunga, lakini ule unalinda skrubu isilegee. Skrubu ipo. Mlinzi wa benki na benki ni vitu viwili.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi na sitaupita kwa mzaha peke yake. Fundi wa chini ya mti, husemwa, hana kitabu cha gari, hana taa, hana pini ya kiwandani, na mteja wake hataki kulipa. Sehemu ya kwanza ya hoja hii inajijibu: alama mbili za chaki asubuhi, moja kwenye kebo na moja kwenye breketi, na picha moja ya simu ile ile itakayotumika kama tochi jioni, zinatosha kuwa kitabu. Msumari unatosha kuwa pini. Sehemu ya pili, ya mteja, ndiyo inayouma. Wateja tunalipia uzito. Tukionyeshwa sahani ya klachi iliyoungua, nyeusi, nzito mkononi, tunatoa pesa huku tukitikisa kichwa kwa majonzi; tukionyeshwa kibushi kinachoingia kwenye tundu la pua, tunasema weka hicho hicho. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani Dar es Salaam, Grogan Nairobi au Kisekka Kampala, mara nyingi muuzaji hana bushi peke yake, ana kebo kamili, na bei ya kebo kamili humrudisha mteja kwenye wazo la waya. Hapo fundi mwenye akili hupeleka kipande cha nailoni kwa mtu wa mashine ya kukereza, akatolewa bushi nzuri kabla ya sala ya adhuhuri. Lakini kazi hiyo ina gharama, nayo hutakiwa kulipwa na mtu yuleyule aliyesema weka hicho hicho. Kwa hiyo nikimsema fundi kwamba amemgeuza mshenga tarishi, nakiri kwamba mahari ilibanwa na sisi.

Wapo pia wanaosema kosa la kebo si kosa, ni tabia ya gari, na dereva huizoea. Hili nalipenda, kwa sababu limezaa fasihi simulizi nzima. Gari la namna hiyo haliazimwi bila mafunzo. Namba moja, utaambiwa, usiilazimishe, ipitishie kwanza namba mbili. Namba tatu iite taratibu. Namba tano ipo lakini usiende nayo mbali. Rivasi, nyanyua kidogo, vuta kwako, kama unafungua mlango wa mtu aliyelala. Mwenye gari husema haya yote bila aibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza tabia za mama mkwe, na mkono wake mwenyewe umeshazoea kiasi kwamba anapanda mlima huku akipiga soga. Lakini huko kuzoea ndiko kunakoficha ushahidi. Mkono wa dereva unafanya kila siku, mara mia mbili, marekebisho ambayo nati moja ingeyafanya mara moja, na kwa kuwa yeye hasikii tena kasoro, anaamini haipo. Mengi ya mafunzo yale huwa ni maelezo ya kebo iliyofungwa vibaya: ile inayopitishiwa namba mbili huenda haijafika mwisho wa kusukuma, ile inayovutwa kwako imekosa mstari. Wakati mwingine mwenye hatia ni mauntingi ya injini iliyokatika, hasa kwa magari ya fimbo, maana injini ikiyumba fimbo inakwenda nayo na gia inachomoka. Lakini hata hilo ni la mshenga, si la giaboksi. Madereva wetu wangekaa chini wakaandikiwa wanayoyasema, fundi angepata ripoti kamili ya ukaguzi bila kufungua boneti.

Na kuhusu wale wanaocheka wakisema wao wana otomatiki, mambo ya H yamewapitia mbali, nawaomba wasimame kidogo. Otomatiki nyingi nazo zina kebo kutoka kwenye mkono hadi giaboksi, moja badala ya mbili. Ikifungwa vibaya, kijialama kinaonyesha P na giaboksi iko mahali pengine. Kwa kuwa swichi inayoruhusu gari kuwaka kwa kawaida iko kwenye giaboksi na inaamini giaboksi, si kijialama, gari halishtuki asubuhi. Mtaa mzima unakusanyika, unasukuma, unashauri stata ibadilishwe, mpaka mtu anagusa mkono ukasogea nusu kidole na injini ikanguruma. Stata ya watu imeshauzwa kwa kosa hilo. Walioepuka ni wenye magari ambayo mkono wa gia hutuma ujumbe kwa umeme, kama Prius tangu toleo la mwaka 2003, na hao nao wana kesi zao nyingine ambazo mahakama yake haiko chini ya mwarobaini.

Jioni ukifuata gari lako, basi, usikimbilie kuwasha. Keti, injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine, na kila moja isubiri ule mguso mdogo kiganjani. Usipoupata, sema hapo hapo kabla pesa haijatoka mfukoni. Achia mkono wa gia katikati uone kama unasimama wenyewe kwenye mstari wa tatu na nne au unaanguka. Kisha washa, ujaribu kuondoka polepole sana ukiwa na nafasi mbele na nyuma, rivasi iwe ya mwisho, na mwambie yule kijana wa tochi aondoke nyuma ya gari. Na kama fundi atakuambia bushi moja imekwisha, kebo ni mbili na umri wao ni mmoja. Nunua mbili.